Walionyesha Maji, Wakapoteza Shamba

Jua halijapanda. Umande umemlowesha Kivuva Ndululu hadi magotini, naye anafyeka nyasi kuzunguka bikoni, jiwe la mpaka wa hifadhi ya kinamasi cha Kyandulu, karibu na Kalamba. Akimaliza kufyeka hulipaka chokaa. Ng'ambo ya jiwe hilo, palipojaa migunga, ndipo alipozaliwa.

Alianza kazi mwaka 1968, mvua ilipoleta mafuriko. Wapima ardhi walikuja kuchora ramani ya kinamasi na msitu unaokizunguka, wakamwajiri kushika fimbo ya kupimia. Kila walipofika waliwauliza wenyeji maji yanakomea wapi.

Wenyeji hawakuwa wajinga, ila njaa ndiyo iliyowafanyia hesabu. Walidhani wageni wale wanatazama mashamba yaliyozama ili walete mwolyo, chakula cha msaada. Basi kila mtu alionyesha mbali kadiri alivyoweza. Mbinya, mama yake Kivuva, aliwapita wote: aliyapeleka maji hadi nyuma ya jiko lake, ambako hata chura hajawahi kufika.

"Mwaitu, hawa ni watu wa ramani, si wa mahindi," Kivuva alimnong'oneza mama yake.

"Wewe shika hiyo fimbo yako," mama alimjibu. "Serikali haiwezi kupima maji bure."

Mahindi hayakuja. Ilikuja amri: ndani ya mstari ni makao ya ndege na nyati, watu watoke. Maji yalipopungua mashamba yalionekana tena, makavu kabisa, lakini ramani ilikuwa imeshasema ni kinamasi. Majuto ni mjukuu. Na inauma kumtazama mtu akilipaka chokaa jiwe linalomzuia kuingia kwao.

Leo, miaka ishirini na mitano tangu amri hiyo, Mbinya anaishi katika chumba cha kupanga mjini Emali, akiuza ndengu sokoni. Mshahara wa mwanawe huisha kabla mwezi haujafika nusu. Kila Jumapili baada ya ibada mama humwuliza kama ramani imebadilishwa.

Sasa inasemekana wapima ardhi watarudi kiangazi kuukagua mpaka. Kivuva amewazungukia majirani wa zamani, akiwasihi waseme ukweli. Wengine wamemwuliza kama mara hii kutakuwa na mahindi.

Yeye mwenyewe ni mwajiriwa wa hifadhi, na anajua neno lake halitapokelewa kama la mwenyeji. Ombi lake ni kwamba waje mama angali anaweza kutembea.

Mbinya yuko tayari. "Nitawapeleka mpaka penye jiko langu," asema. "Wakiniuliza mbona nilisema ni maji, nitawaambia tulikuwa na njaa."