Maduka Yaliyoipa Barabara Mgongo

Walisema sitaweza kuuza hata chumvi. Walisema mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka yote ile, akarudi Handeni na begi moja na stashahada ya masoko, huyo mji umemtapika. Aliyeyasema kwa sauti kubwa zaidi ni mjomba wangu, kaka yake mama, tena kijiweni kwa muuza kahawa, shikamoo yangu ikiwa bado ya moto.

"Marahaba. Hiyo karatasi yako, mjomba, inakaangwa au inachemshwa?"

Wakacheka. Kwetu mtu akiondoka hawamcheki. Wanasubiri atume hela. Wanamcheka akirudi.

Kilichowafurahisha ni mtaa niliokuwa nautaka. Ulikuwa mtaa wa zamani wa katikati ya mji, uliojaa maduka kabla stendi haijahamishwa. Mabasi yalipoondoka, wenye maduka waliyafuata kama vifaranga. Huko stendi mpya mmoja akajenga fremu, akauza vocha na soda. Jirani yake akaona, akajenga fremu, akauza vocha na soda. Ikafika mahali ukiwa na kiu unachagua sura ya muuzaji, maana kingine cha kuchagua hakipo. Hiyo wakaiita biashara, na aliyefilisika wa kwanza akasema jirani yake ana mkono mbaya. Mtaa wa zamani wakawaachia mbuzi na wenye maghala ya mahindi.

Mimi nilisoma. Nilijua kwamba kabla ya kuuliza watu wananunua nini, unatazama wananunulia wapi. Nikaenda Korogwe, nikapanga chumba Manundu, nikawa nashinda karibu na maduka ya vitenge na vyombo. Niliowaona pale ni majirani zangu wa Chanika, mtaa wa kwetu Handeni. Kina mama wenye heshima zao wanashuka na mikoba mitupu, wanapanda gari la kurudi na sufuria, mashuka, khanga na sanduku la bibi harusi. Vitu hivyo Handeni vipo. Nikamwuliza mwenye duka mmoja, mama wa Kisambaa aliyeteremka kutoka Vugiri akiwa binti.

"Mama, hawa kwao hakuna sufuria?"

"Zipo, mwanangu. Ila kwao kuna macho."

Sikuhitaji maelezo zaidi, nimekulia kwenye macho hayo. Ukinunua vyombo vya harusi ya binti yako pale Handeni, kabla hujafika nyumbani mtaa mzima unaijua bei. Ikiwa ndogo, umembania mtoto. Ikiwa kubwa, unajionyesha. Basi watu wanalipa nauli kwenda kununua kitu kilekile mahali wasipojulikana, na hukohuko wanakutana, kila mmoja anamwambia mwenzake amekuja hospitali. Wamezaliwa ndani ya upumbavu huo na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona kuwa ni mtaji.

Nikarudi na mpango. Nitakodi majengo ya mtaa wa zamani, nitaziba milango ya mbele, maduka yote yafungukie uani. Barabarani uonekane ukuta na lango moja. Na humo uani nitafunga mashine ya kusaga, ili kila anayeingia aonekane amekwenda kusaga mahindi.

Fedha sikuwa nayo ya kutosha, kwa hiyo nikawaendea walewale walionicheka, mmoja mmoja. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiwahutubia vijana kijiweni juu ya ubaya wa riba, alinikopesha kwa riba. Shangazi alinikopesha kwa sharti mumewe asijue kwamba ana akiba. Mjomba ndiye aliyetoa nyingi.

"Hati ya nyumba ya mama yako ikae kwangu," alisema. "Na mtu asijue."

Nyumba ile ya Chanika ilipakana na kiwanja chake. Alinikopesha kwa sababu alikuwa na uhakika nitaanguka. Mama aliitoa hati sandukuni mwenyewe.

"Kaka yangu nimechangia naye ziwa," alisema. "Ukishindwa, atanitoa humu huku ananipa pole."

Nilipoziba milango, kijiweni walipata chakula cha msimu mzima. "Duka limenuna," walisema. "Msomi amejenga gereza la sufuria." Miezi ya mwanzo wateja walikuwa wachache kweli, na mjomba akaanza kupita nyumbani kwa mama, akiupima uwanja kwa hatua huku akijidai anamtafuta kuku wake. Mama alimkaribisha chai kila mara. Mimi sikutetereka. Nilikuwa nasubiri mavuno, maana harusi zetu hufuata mahindi.

Mavuno yakaja. Yule mama wa Kisambaa wa Manundu alikuwa amekodi chumba cha duka kwangu, na wateja waliokuwa wakimfuata Korogwe wakamfuata hapohapo jirani na kwao. Waliingia na ndoo za mahindi kichwani, wakatoka na vitenge chini ya unga. Mmoja alikuwa na haraka ya kununua mashuka hata akaleta unga uliokwisha kusagwa. Mwenye mashine akausaga tena. Vyumba vyote vikapata wapangaji, na wale wa stendi mpya wakaanza kuniuliza kodi kwa sauti ya chini.

Siku ya kulipa, nilimwambia kila mkopeshaji aje uani kwangu peke yake. Sikumwambia yeyote kwamba saa ni ileile. Mwalimu aliingia na ndoo ya mahindi. Shangazi akaingia na yake. Mjomba, ambaye sijawahi kumwona amebeba hata kikapu, aliingia na kiroba begani. Wakatazamana.

"Umekuja kusaga, mwalimu?"

"Nimekuja kusaga. Na wewe?"

"Kusaga tu."

Nikawalipa palepale mbele ya wenzao, na riba ya mwalimu nikaitaja kwa sauti. Hakuna aliyehesabu. Mjomba akaitoa hati kifuani, akaielekeza kwangu. Nikamwashiria ampe mama, aliyekuwa ameketi mlangoni pa duka la vyombo. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote taratibu, kisha akaikunja.

Mjomba alikuwa amekwisha kufika langoni.

"Kaka," mama akamwita, "mahindi yako umeyasahau."