Firigisi ya Katekista na Sikukuu ya Kung'aa

Ati siku ya Kugeuka Sura kwa Bwana, kila asiye na dhambi hung'aa uso kanisani kama taa ya karabai, na mwenye kuficha jambo hufifia kama kaa lililomwagiwa maji. Mtoto wa jirani ndiye aliyeniambia, huko Bumula nilikokulia, nikaamini mzima mzima. Usinicheke. Hata wewe kuna mambo uliyaamini.

Jumapili iliyopita, hapa Kitale, padri alisoma tena habari za mlima ule, uso uking'aa kama jua. Mimi niliyemaliza kidato cha nne shule ya jioni nikiwa na ndevu na watoto watatu, nilijikuta napapasa mashavu.

Mwaka ule wa utoto wangu, mahindi mabichi yalijaa hata ng'ombe wakayakinai. Nyanya yangu alikuwa ameloweka nguo zetu nyeupe kwenye maji ya bluu ili zing'ae, na katekista akaja kula kwetu siku moja kabla ya sikukuu. Alichinjwa jogoo mkubwa kama mbuzi. Kwetu, firigisi ilikuwa ya mgeni mwanamume. Mtoto hakuigusa, na mwanamke ndio kabisa. Sahani ilipofunuliwa, firigisi haikuwemo. Ilikuwa tumboni mwangu, na bana, sijaonja kitu kitamu hivyo tena.

Macho yote yakamgeukia mke wa baba mdogo. Ndiye aliyepika, na alikuwa ameolewa juzi tu.

"Kwani kwenu wanawake hula firigisi?" shangazi akamuuliza mbele ya mgeni.

"Hata shingo ni nyama, mama," katekista akajaribu kutania. Hakuna aliyecheka. Mke wa baba mdogo alirudi jikoni akalia, akisingizia moshi, kisha akaanza kukunja leso zake.

Asubuhi ya sikukuu nilijipaka mafuta ya kupikia usoni hadi nzi wakitua wanateleza. Kanisani nikawakagua waumini mmoja mmoja. Hakuna aliyeng'aa! Hata katekista. Hata nyanya, aliyekuwa akisali hadi kuku wanasinzia, alikuwa na uso wake ule ule wa kila siku. Ni mimi tu niliyemetameta, mwizi mwenyewe, mafuta yakitiririkia kola. Na kwenye benchi la mwisho, mke wa baba mdogo amepakata furushi la nguo. Akitoka pale, anarudi kwao Malakisi.

Nikashindwa kuvumilia. Nje ya kanisa nilishika leso ya nyanya: "Nyanya, firigisi nilikula mimi. Na huku kung'aa ni mafuta."

Alinishika sikio akanivuta hadi kwa mke wa baba mdogo, nikarudia maneno yale shangazi akisikia. Shangazi alilichukua lile furushi, akajitwika, akalirudisha nyumbani.

Siku hizi firigisi inauzwa kwa kilo hapa mjini, na binti zangu huimaliza kabla sijanawa mikono. Nguo za kulowekwa kwenye bluu sizioni tena, nyanya hayupo. Lakini bado nauhisi mkono wake ukinipangusa mafuta kwa pembe ya leso.

"Nani alikudanganya ati watu hung'aa?" aliniuliza. "Aliyeng'aa ni Yesu peke yake. Wale wanafunzi walianguka kifudifudi kwa hofu, akaja akawagusa, akawaambia wainuke. Basi. Sasa twende nyumbani, kuna maji ya kuchota."