Maua Yasiyotaka Ndoo Yangu

Nakumbuka mlio mmoja mdogo sana, mdogo kama midomo ya mtoto inapoachana na titi. Nilikuwa nimechuchumaa uwanjani kwa shangazi yangu Mwanaisha, kule Tumbi, jua linakaribia kuzama, na mlio ule ulikuwa wa ua linalofunguka. Usinicheke, mwanangu. Tumba lilikuwa limejisokota kama kanga inayokamuliwa maji. Likatetemeka, likaachia upande mmoja, kisha petali zote nne zikajifungua kwa pamoja mbele ya macho yangu. Shangazi akasema, "Magharibi haijaadhiniwa, lenyewe limeshajua."

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi, Tatu, nilikuwa binti wa miaka kama kumi na miwili, nimeletwa kutoka Marui nikae na shangazi kwa kuwa alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Shule niliionja tu, lakini ndoto nilikuwa nazo tele. Nilitaka nyumba iliyozungukwa na maua pande zote, hata choo kiwe na maua yake.

Mumewe shangazi, marehemu Kondo, alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja Dar es Salaam. Mzungu yule alipohama alimwachia mbegu za aina tatu, kila aina kwenye karatasi yake. Kondo akazileta Tumbi, akazipanda kwenye mchanga chini ya ukuta wa jiko, mahali ambapo mchana hata kuku hawakanyagi kwa moto. Jina lake la Kizungu hatukulijua. Sisi tukayaita maua ya magharibi.

La kwanza lilikuwa la njano, linatambaa mchangani, majani yake kama yamepakwa majivu. Hilo ndilo la mlio. La pili la waridi, jepesi kama karatasi, na hilo halikuwa na habari ya kungoja jioni. Lilikaa wazi mchana kutwa likipigwa jua. La tatu lilikuwa jeupe, pana kama kisahani. Jeupe lilichanua jioni, na asubuhi likinyauka liligeuka rangi ya waridi, kama bibi harusi aliyetaniwa mbele ya wakwe. Hilo jeupe lilikuwa shina moja tu. Kondo alilipanda kwa mkono wake, akafariki kabla halijachanua. Shangazi alikuwa akilitazama kwa macho mengine kabisa.

Majirani walimtania kwamba amelima mboga isiyolika. Yeye aliwajibu kuwa macho nayo yana njaa yake, akaendelea kuchambua mchele.

Basi ukatokea msiba Chole, huku kwetu Kisarawe, shangazi akaenda kukaa na ndugu zake hadi arobaini. Akaniacha nilale kwa jirani, Bi Mwajuma, na mchana nitunze nyumba. Aliniagiza nifagie uwanja, nilishe kuku, na yale maua niyaache.

Niyaache! Mimi na mapenzi yangu yale! Unajua kwetu uwanja hufagiwa kila alfajiri mpaka mchanga uonyeshe mistari ya ufagio. Nikaona vijiti vikavu vya mwaka uliopita vinaniharibia usafi wangu, nikaving'oa pamoja na vifuko vyake vya mbegu, nikavitupa jaani. Saa sita mchana nikakuta majani yote yamelala. Moyo ukaniuma kama nimeona watoto wana kiu. Kisima kilikuwa mbali, lakini nilianza kuyapa maji kata moja, kesho yake mbili, mwisho ndoo nzima. Nikaomba na samadi ya mbuzi kwa Bi Mwajuma.

Ah, yalinenepa! Majani yakawa mapana kama mchicha. Nikawa nafanya mazoezi peke yangu ya jinsi nitakavyojibu nikisifiwa. Matumba tu ndiyo sikuyaona. Kisha lile jeupe likaanza kulegea shinani, na asubuhi moja nilipoligusa likaning'okea mkononi, mizizi laini kama ndizi iliyooza.

Shangazi aliporudi nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku tayari ameshatazama ukutani.

"Tatu, nani alikuambia yana kiu?"

"Niliona yamelala, shangazi. Mchana yanalala yote."

"Na wewe ukijilaza mchana, nikumwagie ndoo?"

Bi Mwajuma, aliyekuja kumpa pole ya safari, akaangua kicheko, nami nikataka kucheka. Kisha nikamwona shangazi anaokota ile mizizi iliyooza, anaiweka kwenye pindo la kanga yake. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Baadaye alinieleza taratibu kwamba maua yale hulala mchana ili kutunza maji yaliyo nayo, kwamba mzizi wake huenda chini sana kutafuta, na jioni huinuka yenyewe. Maji ya juujuu huyaozesha. Ningesubiri mpaka alasiri tu, ningeona.

Hapo ndipo nilipokumbuka vile vijiti. Bahati nzuri nilikuwa mvivu wa kuchoma takataka. Tulipekua jaa sote wawili mpaka tukapata vifuko vinne vikavu, kimoja cha lile jeupe. Shangazi akavifikicha kiganjani, akaondoa udongo nilioulowesha, akazisia mbegu kwenye mchanga mpya. Ya njano na ya waridi yaliponea chupuchupu. Kwa lile jeupe aliniambia, "Safari hii ni lako. Mimi sitaligusa." Baada ya wiki kadhaa ulisimama mche wake mmoja tu.

Mwanangu, nakuona unavyowapenda watu, na unanifurahisha. Ila unapenda kwa ndoo, kama nilivyokuwa mimi. Mtu akinyamaza kidogo, umeshafika na maneno. Akiinamisha kichwa, umeshambeba. Mtazame kwanza asubuhi, mchana na jioni. Muulize. Wako wanaositawi kwenye jua kali na mchanga mtupu, na huruma yetu isiyouliza ndiyo inayowaozesha. Mungu akuachie moyo wako huo mwepesi, akupe na mkono usio na haraka, akujalie uwanja wako mwenyewe wenye jua, na ndani yake kitu cha kukufurahisha kila jioni.

Mimi siku yangu ya kujaribiwa ilifika mapema. Shangazi alikuwa shambani. Nilirudi kutoka kisimani jua la utosini, ndoo imejaa, nikakuta mche wangu umelala kabisa, majani yamegusa mchanga. Nikasimama, maji yananidondokea shingoni. Kisha nikaingia ndani, nikayamimina yote mtungini, nikaufunika, nikaja kuketi kizingitini kungoja alasiri.