Maji ya Kasiksi Yangu

Acheni niwaambie mwenyewe, kabla hamjasikia kwa bamama wa soko la Baraka. Mimi ndiye mpika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na majirani wamechoka na mahubiri yangu: pombe ni maji kwanza, ndizi baadaye. Maji ya ziwa siyataki, maana huko watu wanaoshea samaki.

Kwa harusi ya shemeji yangu nilipanda mwenyewe hadi chemchemi ya mlimani, nikateka maji, nikarudi nikauweka mtungi wangu kivulini, pamoja na mingine ya nyumbani. Siku ya kukamua ndizi nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Nikabeba mtungi, nikamimina, huku nikiwakemea wenzangu juu ya usafi.

Jumamosi wakwe wakashuka kutoka Fizi kwa kamio, lori la kubebea pamba. Mjomba wa bibi harusi akaonja, akaonja tena.

"Mama Asende, we ulitia maji gani humu?"

Nikasimama, nikajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Ya chemchemi, baba! Ile ya mutungi mukubwa, kwenye kivuli."

Mama mkwe wangu akashtuka. "Mutungi mukubwa? Ule iko wangu! Mi nilitoa muhogo wa kulowekwa, wa ugali wetu wa bukari, asubuhi ile ya kukamua ndizi, maji nikaacha mule!"

Watu wakacheka mpaka ngoma ikanyamaza. Nami nikacheka, ningefanya nini? Mjomba akaninyooshea kikombe, akipangusa machozi.

"Basi mama, bukari ya muhogo tumekwisha kunywa. Sasa leta samaki."