Kahawa ya Mgeni

Mwaka ule nilikuwa nachoka kila Jumamosi. Si uchovu wa kulima, maana huo naujua na dawa yake ni usingizi. Huu ulikuwa uchovu wa kumwonyesha mtu nchi yangu.

Mtu mwenyewe alikuwa binti kutoka Korea, mwanafunzi wa Kiswahili, aliyeletwa Bukoba na chuo chake kwa miezi minane. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, na watoto wamekwisha kutawanyika. Walipotafuta nyumba ya kumweka nikasema vyumba ninavyo. Hawakuniambia habari za fomu. Kila juma alitakiwa atembelee mahali, aandike alichojifunza, na chini kabisa mwenyeji wa mahali hapo aweke saini. Binti alikuwa na adabu kuliko wanangu wote watatu, lakini kwenye fomu hakuwa na huruma hata chembe. Jumamosi asubuhi nilimkuta amekwisha kufunga kamba za viatu. "Mwalimu, je, leo tunaelekea wapi?"

Tulielekea kila mahali. Tulitazama ziwa, makanisa, majengo ya Wajerumani, mimi nikieleza kwa sauti ya darasani mambo ambayo mengine nilikuwa nimeyasoma jana yake. Kemondo tulikwenda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza bandarini hapakuwa na meli na yeye alitaka meli. Mara ya pili pia haikuwapo. Nikamwambia aandike kwamba amejifunza subira, na kweli akaandika.

Rubafu tulipanda kilima mpaka magoti yangu yakaanza kulalamika, kisha tukapumzika kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Kabla hata ya kutuuliza habari za njiani, alitoa kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya harufu nzuri, halafu ikakaushwa. Binti alipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kwani kwao ndivyo wanavyopokea. Mwenzangu alifurahi mno. "Huyu amelelewa," akaniambia kwa Kihaya.

Tulipokuwa tukirudi, binti akauliza mbona mimi simletei kikapu. Nikamjibu kwamba siku ya kwanza nilimletea, ila tangu hapo yeye si mgeni. Kwetu mgeni huletewa kahawa, mtoto wa nyumbani huingia mwenyewe akachota. Hilo nalo akaliandika.

Mahali pamoja tu sikumpeleka, napo ni nyumbani kwetu, Kimwani.

Mama alipofariki, ukoo uliketi, na kibanja chote, migomba, mibuni, nyumba na makaburi, akapewa mdogo wangu wa kiume. Ndivyo mila ilivyo, mwanamke harithi kibanja, na nilijua. Lakini siku ile nilisimama mbele ya wazee nikasema kwamba mimi ndiye niliyemuuguza mama miaka minne, na sitaki hata mgomba mmoja, nataka chumba kimoja tu kiitwe changu. Walicheka kwa upole. Ni heri wangenitukana. Mdogo wangu hakucheka, wala hakusema neno. Niliondoka, na kwa miaka mitatu sikurudi. Watu walidhani nina hasira, kumbe hasira ilikwisha mwaka wa kwanza. Kilichobaki ni woga. Niliogopa kufika pale nikapokewa vizuri.

Zilipobaki wiki mbili binti aondoke, fomu ya mwisho ikataka makazi ya asili ya familia iliyompokea. Nikamwambia ni nyumba hii hii. Akasoma tena, kidole juu ya neno: "Ya asili, Mwalimu." Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri ni balaa. Nikampigia simu mdogo wangu. "Karibuni sana, dada," akasema. "Tutawasubiri."

Tulifika kwa gari la kukodi kabla ya saa sita. Bati lilikuwa jipya. Sebuleni walikuwa wametandika nyasi mbichi, kama wanavyotandikiwa wakwe na mapadre, na niliponusa zile nyasi nikajua. Wifi yangu akatoka na kikapu, akapiga magoti mbele ya binti. "Nyegera waitu," akasema, karibu sana, na binti akapokea kwa mikono miwili. Kisha akasogea mbele yangu, akapiga magoti vilevile, akasema maneno yaleyale.

Binti alikuwa ameifikisha kahawa mdomoni. Mkono ukasimama. Akakitazama kikapu, akanitazama mimi. Alikumbuka, na nani mwingine wa kulaumiwa, nilimfundisha mwenyewe.

Nikachukua moja. Kumkatalia mwanamke aliyepiga magoti sikuweza, na kosa halikuwa lake. Iliniumiza mpaka masikio yakawa ya moto.

Tulikula ndizi na maharage, tukaongea habari za mnyauko ulioua migomba ya jirani. Mdogo wangu akamtembeza binti kibanjani, akamwonyesha mibuni aliyoipanda baba, kisha kaburi la mama. Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo nami nikaonyeshwa kaburi la mama yangu.

Tuliporudi ndani binti akatoa fomu. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa karibu naye, lakini binti alimpita akaileta kwangu. "Mwalimu, mwenyeji anaweka saini hapa." Miezi minane si michache, alijua anachokifanya.

Mdogo wangu akacheka, wala si kwa ubaya. "Hapana, binti. Dada ni mwenyeji wako wa Bukoba. Hapa mwenyeji ni mimi."

Akavaa miwani, akaandika jina lake taratibu. Herufi ya kwanza aliipa mkia mrefu unaopinda kushoto. Mkia ule nilimfundisha mimi, akiwa na miaka mitano, mkono wangu juu ya mkono wake, kwa kipande cha mkaa, kwenye sakafu ya sebule ile ile.

Uchovu wa Jumamosi zote ukanishukia pamoja. Nikainuka.

"Wifi, unataka nini nikuletee?" mkewe akauliza.

"Kaa," nikamwambia.

Nikalisogeza pazia, nikaingia chumba cha ndani bila kuomba ruhusa. Mama alikuwa akiweka kahawa kwenye kibuyu nyuma ya mlango, na nilijiambia kwamba nisipokikuta, nitatokea mlango wa nyuma niende moja kwa moja garini, binti atanifuata. Nikapapasa. Kilikuwapo, na kilikuwa kimejaa. Nikachota konzi nzima, nikatoka natafuna.

Binti alijifanya anaisoma fomu. Mdogo wangu alinitazama mkono, akanitazama mdomo, na mimi sikuacha kutafuna. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kama angesema neno moja tu la kunikaribisha, ningelia mbele ya mgeni.

Akavua miwani, akakinga kiganja, kama alivyokuwa akikinga nilipotoka chumba kile tukiwa wadogo.

"Nigawie, dada."

Nikampa mbili.