Tulivyopima unene wa nano kwa sinia la wali pale Iringa, baba akatia kidole

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na nyinyi wengine marahaba. Nimeitikia kabisa kabla hamjanisalimu ili tusicheleweshane.

Ninachosimulia kilinikuta mimi mwenyewe. Kama kuna tuliyesoma naye na bado anapumua, aje anisahihishe, ila asije na longolongo.

Nimeandika kwa sababu ya ule uzi wa vijana wanaobishana kuhusu carbon nanotubes, vile vijibomba vya kaboni visivyoonekana kwa macho. Mmoja kasema vitu vyembamba namna ile vinapimwa na mashine za Ulaya tu, sisi tutabaki kuhadithiwa. Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuchungulia chumbani kuna nini.

Kijana, mimi nimepima unene wa kama nanomita mbili, miaka ya sabini, nikiwa form three, kwa sinia la kupakulia wali. Na kipimo chenyewe nusura kinirudishe kuchunga ng'ombe.

Twende taratibu.

Asili yetu ni Usukuma. Baba alihamia na ng'ombe wake bonde la Usangu, ndani ndani huko kutokea Chimala, akifuata malisho. Mimi nikafaulu darasa la saba, nikapangiwa sekondari ya bweni Iringa.

Kaka yangu alipooa na kuanzisha mji wake, ng'ombe wakakosa mtu. Baba akatuma salamu kwa mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa akija Iringa: siku ya wazazi atakuja mwenyewe kuona ninachosoma. Akikiona cha maana, nitabaki. Asipokiona, tunapanda basi wote kurudi. Mama naye alikuwa upande wa ng'ombe.

Shule nilikuwa naipenda, wakuu.

Sasa mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Sanga, kijana mwembamba mwenye haraka, ndiye aliyepanga maonesho ya maabara. Nikamweleza shida yangu, nikamwomba anipe kitu cha umeme, taa iwake, mzee aone. Akafikiri kidogo, akanipa jaribio la mafuta kwenye maji.

Akasema, "Masanja, taa hata dukani ziko. Wewe utampimia baba yako kitu ambacho hajawahi kupimiwa na mtu."

Kwa wasiojua, jaribio lenyewe liko hivi. Unachukua sinia pana, unalijaza maji safi, juu unanyunyiza poda ya mtoto, kidogo sana. Unachovya ncha ya waya mwembamba kwenye mafuta ya alizeti, unapata kitone kidogo mno, unakipima kwa lenzi na rula. Halafu unakigusisha katikati ya maji.

Mafuta yanatawanyika na kuisukuma poda pembeni, linabaki duara safi. Ujazo wa kitone unaujua, eneo la duara umelipima. Gawanya, unapata unene wa utando wa mafuta. Utando huo ni mwembamba kuliko chochote utakachokiona kwa macho, kwa sababu mafuta yametandazika mpaka hayana pa kuendelea kutandazika.

Rahisi, sivyo? Tatizo ni kwamba maji hayatakiwi kuguswa na mafuta mengine yoyote, hata ya kidoleni.

Na Iringa, ndugu zangu, ni baridi. Iringa asubuhi mtu asipojipaka mafuta anapasuka midomo na visigino. Darasa zima tulikuwa tunang'aa. Kila tulipojaribu, mtu akigusa ukingo wa sinia, poda inakimbia yote.

Mwalimu akatuamuru tunawe kwa sabuni. Tukanawa kwa bidii, poda ikakimbia zaidi, kumbe sabuni nayo ni adui. Ikabidi kikundi chetu tuache mafuta kabisa mpaka siku ya wazazi, na kunawa kwa maji matupu tu. Tulipauka. Mpishi wa shule alituuliza kama tumelala jivuni.

Lakini jaribio likakubali. Duara likatoka zuri, hesabu ikaja vizuri, Mwalimu Sanga akatembea siku nzima akipiga mluzi.

Siku ya wazazi ikafika.

Baba alishuka na koti lake zito la sufu, fimbo mkononi, na kibuyu cha samli kama zawadi kwa mwalimu. Msukuma wa wakati ule akienda ugenini kwa heshima anajipaka samli. Baba alikuwa amejipaka ya kwenda ugenini kwelikweli. Uso unang'aa, mikono inang'aa.

Mwalimu Sanga alipomwona nikamsikia akisema chini chini, "Mungu wangu." Baba akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akautikisa muda mrefu, akimshukuru kwa kunilea. Utamkatalia vipi mzazi? Mwalimu akabaki ameinyanyua mikono yake mbali na nguo, na kwenye sinia hakusogea tena.

Kisha baba akanigeukia mimi, akanyoosha mkono.

Wakuu, nilibaki peke yangu mwenye mikono mikavu. Wenzangu wa kikundi walikuwa wameshapewa mkono, mmoja baada ya mwingine, wanacheka na mzee. Nikiushika ule mkono, hakuna jaribio, na bila jaribio napanda basi.

Nikaficha mikono nyuma, nikainama. "Shikamoo baba."

Mkono wake ukabaki hewani. Watu wakatazama pembeni.

"Marahaba," akasema polepole. "Mkono ya baba yako imekuwa na nini?"

Nikasema, "Nitakueleza, baba." Niliumia. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono ukirudi chini, naumia.

Nikaenda kwenye sinia. Wazazi wakazunguka meza. Nikanyunyiza poda, nikachovya waya, nikagusisha. Duara likafunguka palepale, likanyooka pande zote, likasimama. Nikapima, nikaandika hesabu ubaoni, nikatangaza kwamba tumepima unene wa mafuta, na kwamba ukizipanga tando kama hizo milioni moja hazifiki nusu ya urefu wa punje ya mchele.

Wazazi wakapiga makofi ya adabu, yale ya kanisani.

Baba hakupiga. Akaniuliza, "Hii mafuta iko wapi?"

"Ndiyo hayo, baba. Hapo palipo wazi."

"Sioni."

"Hayaonekani."

Akanitazama, akamtazama mwalimu. "Kwa hiyo mtoto yangu ameacha ng'ombe inayoonekana, amekuja kupima mafuta isiyoonekana." Watu wakacheka. Nikajua basi limeshawasha injini.

Ndipo akaamua kuyatafuta mwenyewe hayo mafuta. Akatia kidole katikati ya sinia.

Poda yote iliyobaki ikaruka pembeni kwa mara moja, kama kuku waliotupiwa jiwe. Wazazi wakarudi nyuma. Mama mmoja wa Kihehe akashika msalaba wake shingoni. Mwinjilisti wa Kilutheri, baba wa rafiki yangu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo mzee ana dawa kidoleni."

Baba alikitazama kidole chake kama si chake. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba yangu ameogopa.

Nikasema haraka, "Si dawa. Ni samli. Baba amejipaka samli, na samli inatandaa juu ya maji kuliko macho yanavyoona. Ndiyo maana sikumpa mkono. Ningemshika, nisingeweza kupima kitu."

Kisha mwinjilisti akasema yeye hajipaki mafuta yoyote, atie kidole tuone. Tukabadilisha maji, nikanyunyiza poda, akatia. Poda ikakimbia vilevile. Mkewe akasema, "Asubuhi nimekupaka mimi, umesahau?" Maabara nzima ikaangua kicheko, na baba akacheka kuliko wote.

Baada ya hapo ikawa foleni. Kila mzazi anataka kupimwa kidole. Poda ya maonesho ikaisha, Mwalimu Sanga akatoa ya mtoto wake nyumbani.

Jioni baba akanyoosha tena mkono, safari hii nikaushika. Lakini uamuzi hakutoa. Akasema ataendelea kufikiri, likizo nije nyumbani.

Likizo nikaenda Usangu moyo ukiwa juu juu. Usiku wa kwanza mama akanipakulia mlenda. Nikaonja, mkavu, hauna samli hata ya kuombea. Nyumba yenye ng'ombe vile!

Nikamtazama mama. Akasema, "Muulize baba yako."

Baba akaeleza kwa fahari mbele ya wageni. Tangu atoke Iringa, samli ya chungu kizima ni tone moja tu kwenye ncha ya kijiti. "Inaenea yenyewe. Mwanangu amepima. Zamani tulikuwa tunamwaga bure kwa ujinga."

Mama akaweka mwiko chini. "Mimi ndiye niliyesema mtoto arudi. Nimefuta. Shule zikifunguliwa, arudi shule, akatafute kipimo kingine."

"Atarudi," baba akasema, "tena mapema. Nataka akapime maziwa."

"Aende," mama akasema. "Maziwa asiyaguse."

Hivyo ndivyo nilivyomaliza form four, wakuu, na baadaye nikafundisha fizikia mpaka nilipostaafu.

Nilichojifunza: kitu kidogo kinaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye sinia na subira. Ila ukishakipima, mweleze mzazi wako vizuri mahali kipimo kinapoishia, la sivyo mtakula mboga kavu nyumba nzima.

Haya, na wewe uliyewahi kupeleka elimu nyumbani ikageuka msiba wa jikoni, kiti kipo hapo chini, kaa utusimulie.