Kidogo Tu, Alisema Mama

Kiingereza nilichotoka nacho sekondari ni kidogo, na nusu ya hicho kidogo ni neno moja, "little". Mwalimu wetu alilipenda sana. Alisema Mwingereza hulitumia kwa umbo, kwa umri, kwa kiasi, hata kwa kitu anachokionea huruma. Sisi tulinakili. Kwetu yote hayo yalikuwa "kidogo", na hatukuona shida iko wapi.

Shida ilikuwa nyumbani, Katubuka, kwa mama yangu. Alikulia Kalinzi akibeba kahawa kichwani, akatoka huko na imani kwamba maumivu hayatangazwi. Tumbo lilipoanza kumsumbua, kila nilipomuuliza alijibu, "Kidogo tu." Nikamfundisha neno la mwalimu, angalau tupate cha kuchekea; kinywani mwake likawa "lito".

"Shikamoo, mama. Leo vipi?"

"Marahaba. Lito."

"Lito ya jana au mpya?"

"Hebu nipishe, kufuli wewe! Wenzako wako ziwani, wewe uko jikoni unanihesabia pumzi."

Kufuli ndilo jina langu la mtaani, maana nyumba yetu haijawahi kukosa mtu wa kuilinda. Safari yangu ndefu ni ya kwenda kununua migebuka, samaki wa ziwa letu. Lakini mkaa nyumbani huona mambo. Matonge yake yalipungua, kisha hata samaki wake akawa ananisogezea mzima.

Alipokubali hatimaye kwenda hospitali, nilimshika mkono mpaka kitandani. Daktari, kijana mpole, akambonyeza tumbo.

"Hapa panauma, mama?"

"Kidogo, mwanangu."

"Na hapa?"

"Kidogo tu."

Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesubiri maharage yaive. Chini ya shuka, vidole vyangu vilikuwa vinavunjwa. Daktari akaanza kutuelezea vidonge vya kutuliza, turudi nyumbani tukapumzike.

"Daktari," nikasema, "usisikilize mdomo wake. Angalia mkono."

Mama akanitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu. Daktari akafunua shuka, akabonyeza tena, macho yake kwenye vidole vyetu. Habari ya kurudi nyumbani ikaishia hapo. Baada ya vipimo akatuambia ni uvimbe, na umekaa muda mrefu.

"Mngekuja mapema," alisema.

"Mapema ulikuwa mdogo," mama akamjibu.

Madaktari walipomaliza walichoweza, mama alitaka kurudi Katubuka, kwenye harufu ya mawese yake. Nikakaa kando yake, kazi niliyoisomea maisha yangu yote. Mkono wake nikaushika mchana kutwa. Mdomo ukisema kidogo, vidole vikinibana, mimi natafuta dawa. Tukaelewana hivyo.

Asubuhi moja nikamuuliza tena, "Leo vipi, mama?"

"Lito."

Nikasubiri vidole vinibane. Havikubana, vililegea tu mkononi mwangu. Nikaviminya mimi, taratibu, kisha kwa nguvu, nikajikuta namwomba Mungu mama aumie, hata kidogo.